Maji ya Maganda

Harufu ndiyo iliyomsimamisha Ipyana mlangoni kwa Lugano, mkono mmoja juu tayari kubisha, mkono wa pili umeshika kikaango cha watu.

Maganda ya viazi. Siyo viazi, maganda. Ukiishi kwenye uwanda wa Kitulo miaka thelathini na tatu unavijua viazi kwa pua katika kila hali: vibichi, vilivyoiva, vilivyoungua, vilivyoozea ghalani. Lakini nani mwenye akili zake anachemsha maganda matupu saa tisa mchana? Ipyana alijua watu wa namna hiyo wanapatikana wapi. Wanapatikana ukurasa wa themanini na nne.

"Hodi," akasema. Sauti ilimtoka kama ya kuku aliyekanyagwa.

"Ingia, mlango hauna kazi."

Lugano alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi mbili mabegani, kikombe cha bati mkononi. Walikuwa marafiki tangu wakiwa na meno ya utoto. Walipandwa mbegu wiki moja, wakageuka wakifuatana mara tatu. Ipyana alikuwa amemwona Lugano katika maumbo yote aliyopewa, lakini hakuwahi kumwona na kucha za rangi ile. Zilikuwa za kijivu, kama jivu lililomwagiwa maji.

"Nimekurudishia kikaango," Ipyana akasema. "Najua nimechelewa. Siku yako ya Kurudisha ilikuwa lini, Ijumaa?"

"Ijumaa. Watu wote walileta vitu vyao isipokuwa wewe. Na wote nimewarudisha navyo."

"Umewarudisha?"

"Kaa nacho kikaango. Sigeuki."

Kwenye dirisha, mbele ya ukungu, kichupa cha buluu kilikuwa kimesimama na shingo yake nzima.

Pale Kitulo, zamu yako ikifika, majirani wanakuletea kila walichoazima kwa yule uliyekuwa. Shoka, sufuria, sweta. Ukishapokea, umekubali: huyu anaondoka, anayekuja anaanza upya, na hata ugomvi wa zamani unafia hapo. Halafu unavunja shingo ya kichupa mbele yao, unameza, unalala siku mbili. Ukiamka, kama ulikuwa wa kubeba mimba sasa wewe ni wa kubebesha, au kinyume chake, kwa miaka mitano mingine. Hakuna aliyewahi kuwarudisha watu na vyombo vyao. Ni kama bibi harusi kuwaambia wageni waende zao na pilau.

"Ijumaa mpaka leo ni siku sita," Ipyana akasema.

"Hesabu unaijua. Keti basi, unanizibia mwanga."

Ipyana hakuketi. "Hivi hapo unakunywa nini, Lugano?"

"Unakijua ninachokunywa." Lugano akatabasamu, midomo ikapasuka kidogo. "Vikombe vitatu kwa siku, bila chumvi, miguu ndani ya maji baridi. Kama Salome."

Salome hakuwahi kuwa mtu. Ipyana alijua hivyo kwa sababu ndiye aliyemtunga, jikoni kwake, msimu wa mvua uliopita, alipokuwa amechoka kukaa bure.

Ilianza kama utani. Kikundi cha wasomaji, watu ishirini hivi, walikuwa wanakutana kila Alhamisi jioni kwenye banda la kukaushia pareto, na vitabu vyote vya uwandani walikuwa wameshavisoma mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa. Ipyana akatafuta karatasi za kale, akapiga chapa usiku na mchana, akazilowesha kwenye chai, akazining'iniza juu ya moshi wiki nzima. Kisha akaenda bandani na uso wa mtu aliyeona maajabu: "Jamani, nimeokota kitabu kwenye magofu ya shule ya kule bondeni. Hadithi ya kubuni ya watu wa kale." Jina lake *Nchi ya Waliobaki*.

Habari yenyewe ilikuwa ya nchi ambayo mtu anazaliwa upande mmoja na anakufa upande huohuo. Maisha yote! Alhamisi ya kwanza watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye magunia.

"Sasa anazaa nani?" aliuliza Ambokile, fundi paa, mtu wa kelele.

"Nusu yao."

"Na nusu nyingine?"

"Wanangoja nje."

Kicheko. Halafu Ipyana akasoma sura ya tatu, ambayo ile nusu inayongoja nje ndiyo inayotoa amri kwa nusu inayozaa, na inayoshika funguo za ghala, na wakati mwingine inapiga.

"Hapo mwandishi katia chumvi," Ambokile akasema. "Mtu hawezi kumpiga mwenzake hivyo. Hajui kwamba zamu ijayo ni yeye?"

"Si ndiyo hadithi yenyewe. Kwao hakuna zamu ijayo."

Mjomba Tusekile, mgawaji wa vichupa, ambaye mpaka Juni alikuwa Shangazi Tusekile na bado watu walikuwa wanajikwaa, alikuwa akikitazama kitabu mkononi mwa Ipyana. Kisha akauliza taratibu, "Na waliokuwa wakizaa, walikubali?" Hakukuwa na aliyecheka tena mpaka taa zikazimwa.

Sura ya tano ndiyo iliyowamaliza. Salome anajitazama kwenye kioo, anaona mvi ya kwanza, na anajua kwamba uso ule atauona ukizeeka mwaka hadi mwaka, uleule, hautamkimbia. Ipyana aliposoma pale sauti ilimkwama, akasingizia kikohozi. Na kwa kuwa kila hadithi inataka hatari, akampeleka Salome kwenye milima ambako watu wanageuzwa kwa nguvu, akamtia homa ya wanaokataa kugeuka, akahitaji kumponya. Siku hiyo alikuwa anamenya viazi. Ndoo ya maganda ilikuwa miguuni pake. Basi, akaandika maganda, ukurasa wa themanini na nne.

"Lugano," akasema sasa, akachuchumaa mbele ya blanketi. "Nisikilize vizuri. Kile kitabu hakikuokotwa. Nimekiandika mimi."

Alitegemea kofi. Alitegemea machozi. Lugano akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akafuta midomo kwa blanketi.

"Bwege wewe. Unadhani sijui? Nimejua tangu ukurasa wa kumi na mbili. Mama yake Salome anaunguza maharage kila siku kwa sababu amesahau kwamba yuko jikoni. Mwandishi gani wa kale alikuja kula kwako?"

"Unajua! Sasa kama unajua, kwa nini unakunywa uchafu huu?"

"Kwa sababu ni wewe." Lugano akamtazama kama mtu anayemweleza mtoto jambo jepesi. "Ingekuwa mtu wa kale ningesema ni porojo. Lakini wewe ulisoma elimu ya mbegu miaka mitatu, Ipyana. Ukatoka chuoni ghafla, hukumwambia mtu kwa nini. Halafu mwaka mzima unachekacheka tu, na mara unatuletea kitabu chenye dawa ndani. Nikasema, kumbe. Amelikuta jambo huko, Ofisi ya Zamu imemfunga mdomo, ametafuta njia ya kutuambia kwa mzaha."

Ipyana akatikisa kichwa.

"Hakuna nilichokikuta," akasema. "Mwaka wa tatu walituonyesha picha za watu waliochelewa. Nilitoka darasani nikatapika, sikurudi. Basi. Ndiyo elimu yangu yote."

"Walikuwa wanaonekanaje kwenye hizo picha?"

Ipyana akatazama zile kucha. Mbegu ile iliyopandwa kwao wote utotoni ndiyo iliyowaokoa mababu na ugonjwa uliokausha matumbo ya dunia nzima, hilo kila mtoto anaimba shuleni. Kisichoimbwa ni kwamba mbegu ina subira ya miaka mitano. Ukiigeuza, inatulia. Usipoigeuza, inaudhani mwili ni mzoga. Inaanza na kucha. Baada ya siku ya tisa hata kichupa hakisaidii kitu. Siku ya kumi na mbili ndiyo ile picha.

"Kucha zao zilikuwa kama zako," akasema.

Lugano alizificha chini ya blanketi. Kwa mara ya kwanza macho yake yalihama. Kisha yakarudi, na yalikuwa magumu.

"Wamekutisha," akasema. "Ofisi. Wamejua, wamekutuma."

"Mungu wangu, Lugano, hakuna aliyenituma! Nilikuwa namenya viazi!"

"Ndivyo mtu aliyetishwa anavyosema."

Hapo ndipo Ipyana alipoogopa hasa. Uongo wake ulikuwa umeaminiwa ndani ya siku moja. Ukweli wake ulikuwa haupati hata pa kukaa.

"Vunja hicho kichupa," akasema. "Nakuomba. Kwa nini hutaki? Umegeuka mara tatu, hujawahi kulalamika."

"Nani alikuwa ananiuliza?" Lugano akasema. "Usinielewe vibaya, sisemi upande huu ni mzuri kuliko ule. Ningekuwa kule ningetaka kubaki kule. Lakini miaka mitano nimekaa humu. Nimeujua mpaka mlio wa magoti yangu nikipanda ngazi. Kila nikishazoea, naambiwa toka, mwingine anaingia. Nimechoka kuwa mgeni. Nataka nizeekee mahali." Akamnyooshea kikombe. "Na wewe unataka hivyohivyo. Sura ya tano hukuwa unatania."

Mfukoni mwa sweta la Ipyana kulikuwa na kichupa cha buluu. Siku yake ilikuwa jana. Jana hiyo alikaa jikoni akaitazama ndoo ya maganda kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliyeitunga ile dawa.

"Umemwambia mtu mwingine kwamba ni mimi niliyeandika?" akauliza.

"Nimewaambia wenye zamu mwezi huu. Walikuwa na wasiwasi kama maganda ni kweli. Niliposema ni ya Ipyana, wakatulia."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja, pamoja na mimi."

Ipyana akafungua mlango. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vibaraza, na ndani ya ukungu, kutoka kwa fundi Ambokile, kutoka nyumba ya pembeni ya bomba, kutoka kule juu kwenye mabanda ya kondoo, ilikuja harufu moja tu, tamutamu, ya udongo uliopikwa.

*

Jioni hiyo ya Alhamisi walikwenda bandani pamoja, Lugano akimwegemea Ipyana begani, kikaango kikiwa kimechomekwa kwenye mkanda wa Ipyana kwa sababu hakuwa na mkono wa tatu. Lugano alikubali kuja kwa sharti moja: asomewe sura ya mwisho, ambayo Ipyana aliahidi Alhamisi tatu mfululizo na hakuwahi kuileta.

"Ipo?" Lugano akauliza njiani.

"Ipo," Ipyana akadanganya. Hata sasa, akadanganya.

Watu walikuwa wameshakaa kwenye magunia ya pareto, vikombe mikononi. Ipyana akavihesabu vikombe vya bati vinavyotoa mvuke. Kumi. Wengine walikunywa chai ya kawaida na hawakujua lolote. Ambokile alikuwa amevaa glavu ndani ya banda.

"Shikamoo Mjomba," Ipyana akamwambia Tusekile.

"Marahaba. Mbona mnabebana kama magunia? Lugano, unaumwa?"

"Mafua, Mjomba."

Ipyana akasimama mahali anaposimama msomaji, chini ya taa. Akaifunga mikono nyuma.

"Sura ya mwisho ni fupi," akasema. "Salome alikufa."

"Aaa!" watu wakalalamika.

"Alikufa siku ya kumi na mbili, kwa sababu maji ya maganda ni maji ya maganda. Hakuna nchi ya waliobaki. Kitabu nimekiandika mimi, karatasi nimezilowesha kwenye chai, mkitaka mzinuse. Dawa niliiweka kujaza ukurasa. Kuna watu humu ndani wameacha kugeuka kwa ajili ya ukurasa huo. Mwenye siku sita ana siku tatu. Ambokile, wewe una ngapi?"

Ambokile akacheka kwa sauti kubwa mno.

"Mnamwona? Ofisi wamempa kazi. Kesho tutamwona na buti mpya. Wewe si ulituambia kwa mafumbo, sasa unatugeuka?"

"Vua glavu."

"Sivui, kuna baridi."

"Vua glavu, Ambokile, tuone kama mimi ndiye mwongo."

Ambokile hakuvua. Mjomba Tusekile alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa wa mgawaji wa vichupa sasa, siyo wa msomaji.

"Ipyana," akasema, "unajua adhabu ya anayewazuia watu kugeuka ni nini? Ni kutolewa nje ya ua unaozunguka uwanda. Kule chini. Na mimi ndiye ninayepeleka taarifa."

"Najua, Mjomba. Peleka."

"Umesema mbele ya watu ishirini. Siwezi kujifanya sikusikia."

"Usijifanye."

Hata hilo halikutosha. Ipyana alikuwa anaziona nyuso za wale kumi. Mtu anayekubali kufukuzwa anaweza pia kuwa ametishwa na jambo baya zaidi. Walikuwa wamekishika kile kitabu kama mtu anavyoshika kamba ndani ya kisima, na yeye alikuwa anawaambia kwamba haijafungwa popote juu. Nani angeachia? Yeye angeachia?

Basi kukabaki kitu kimoja. Akaingiza mkono kwenye sweta.

Alipokitoa kichupa, Lugano alisema "Usi," neno likaishia hapo. Alikuwa mtu pekee bandani aliyejua kitu kile kingemgharimu nini.

"Siku yangu ilikuwa jana," Ipyana akawaambia. "Kama kuna njia ya kubaki, duniani, kwenye kitabu chochote, kwenye chuo chochote, mimi ndiye ningeijua, sivyo? Na ningeitumia. Sura ya tano mliisikia. Mnajua ningeitumia."

Alijitazama mikono. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la kisu cha viazi. Alitaka kukumbuka sauti yake ilivyo, akatambua kwamba mtu hawezi kuikumbuka sauti yake mwenyewe. Kwenye kidirisha cha banda, kioo kilikuwa kimepata ukungu na uso wake haukuonekana.

Kacha! Shingo ya kichupa ikavunjika. Akameza. Ladha ya msumari.

Una dakika chache kabla magoti hayajaondoka. Alikaa chini kwenye gunia, akaegemea nguzo. Alimwona Ambokile akivua glavu, kidole kimoja kimoja, na msomaji mmoja aliyekuwa karibu naye akaziona zile kucha akapiga ukelele na kuziba mdomo. Mjomba Tusekile akafungua mkoba wake wa kazini kwa haraka, akaanza kugawa vichupa kama mtu anayegawa ndoo nyumba inapoungua.

Macho ya Ipyana yakajifunga yenyewe. Masikio yalibaki wazi. Masikio hufa mwisho, walifundishwa mwaka wa pili.

Kacha. Moja.

Kisha nyingine mbili pamoja. Mtu alikuwa analia bila aibu, sauti nzito ya Ambokile. Kacha. Nne. Ipyana alikuwa anateleza ndani ya kitu chenye joto, na hofu ilikuwa inateleza naye, haikutaka kubaki nyuma. Sita. Saba. Watu walikuwa wanadondoka kwenye magunia kama matunda. Tisa. Akangoja, akang'ang'ania ukingoni kwa kucha zake ambazo kesho kutwa zisingekuwa zake. Kumi.

Kumi peke yake. Hakuna iliyofuata.

Alijaribu kuita jina. Ulimi ulikuwa umeshalala. Kukawa na ukimya mrefu, mrefu kuliko sura yoyote aliyowahi kuandika, na ndani yake alisikia mtu akija kwa kuburuta miguu, akichuchumaa kando yake. Magoti yakalia, mlio mdogo mkavu, moja halafu la pili.

Pumzi yenye harufu ya maganda ikamgusa sikio.

"Mwongo mkubwa wewe," Lugano akasema. Sauti haikuwa na hasira, wala haikuwa na furaha. "Ulikuwa mzuri, kitabu chako."

Kisha Ipyana akasikia mkanda wake unavutwa, na chuma kikitoka kiunoni pake taratibu.

"Nipe kikaango changu."